Maumbo ya Namba na Hesabu za Darasa la Kwanza: Mfano wa Dutumi

Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza kutumika Tanzania mwaka 2015 ulitilia mkazo kusoma, kuandika na kuhesabu. Makala haya yanadai kwamba kuhesabu nako ni kazi ya lugha. Mtoto wa Dutumi, mkoani Pwani, apangapo vijiti husema "viwili". Apangapo mawe, "mawili". Ubaoni hutakiwa kusema "mbili". Anayejibu "viwili" ubaoni hajakosea hesabu, bali hajaitenga namba na kitu kinachohesabiwa. Kumpa alama ya kosa ni kuchanganya sarufi na hisabati.

Tatizo kubwa zaidi limo katika makumi. Sita, saba na tisa, zenye asili ya Kiarabu, hazichukui upatanisho, lakini hujitokeza wazi katika sitini, sabini na tisini. Mbili, tatu, nne, tano na nane, za asili ya Kibantu, huchukua upatanisho, ilhali hazionekani kamwe katika ishirini, thelathini, arobaini, hamsini na themanini. (Mwandishi mwenyewe aliikariri arobaini kama wimbo, bila kuiona nne ndani yake.) Kwa bahati mbaya, makumi yaliyofumbika ndiyo mtoto anayokutana nayo kwanza.

Kwa maoni yetu, vijiti vifungwe kumi kumi, na mtoto atamke "makumi mawili na mamoja matatu" kabla ya "ishirini na tatu". Istilahi hizo tayari zimo darasani, ila hutumika kutajia nafasi za tarakimu tu.