SOMO LA WIKI: Kamera mbovu, itengenezwe au ibadilishwe?

Mali iliyoharibika ni mtaji uliolala. Hali hiyo inawakuta wenye studio ndogo na wachuuzi wa kamera za filamu, ambao kamera ikikwama hupoteza siku nyingi wakijiuliza kama waipeleke kwa fundi au wanunue nyingine.

Soko lenyewe ni finyu. Nikon ilisimamisha F6, kamera yake ya mwisho ya filamu, mwaka 2020. Pentax ilitoa modeli mpya, Pentax 17, mwaka 2024 kwa bei ya karibu dola 500 za Marekani, lakini lenzi yake haibadilishwi. Kwa hiyo, kwa mwenye lenzi zake za zamani, "kubadilisha" kwa kawaida ni kununua kamera nyingine iliyotumika, ambayo nayo huenda ina miaka 40 bila kufunguliwa.

Aina ya ubovu

Hatua ya kwanza ni kujua kilichoharibika. Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, ni ya mitambo mitupu. Betri yake ni ya kipima mwanga tu. Hata kipima mwanga kikifa, kamera inaendelea kupiga picha. Canon AE-1, iliyotoka pia mwaka 1976, inategemea umeme. Bila betri haifyatuki. Saketi yake ikiungua, mara nyingi dawa ni kung'oa kipuri kwenye kamera nyingine mbovu.

Lakini si kila dalili mbaya ni ugonjwa mkubwa. Mlio wa kukwaruza ambao AE-1 hutoa inapofyatuliwa hutokana na kukauka kwa mafuta katika mitambo ya kioo cha ndani. Sponji za kuzuia mwanga zilizogeuka ulimbo hubadilishwa kwa gharama ndogo. Kuvu ndani ya lenzi, jambo la kawaida kwenye unyevu wa pwani, ni hatari zaidi: ikishakula kioo, kusafisha hakurudishi kitu.

Hesabu

Chukua mfano. Mwenye studio alinunua kamera kwa shilingi 90,000, nayo sasa ni mbovu. Ikiuzwa hivyo ilivyo inaleta 60,000. Nyingine nzima ni 250,000. Fundi anataka 100,000 akifanikiwa, na 30,000 za uchunguzi akishindwa. Akishindwa, kamera itauzwa kama vipuri kwa 40,000.

Kubadilisha kunagharimu 250,000 kutoa 60,000, yaani 190,000. Kutengeneza kukifaulu ni 100,000. Kukishindikana, mwenye kamera analipa 30,000, ananunua nyingine kwa 250,000 na kurudishiwa 40,000 za vipuri: jumla 240,000.

Fundi akiwa na uwezo wa kufaulu mara tatu katika nne, wastani wa gharama ni 135,000. Hapo kutengeneza kunaokoa 55,000. Uwezo ukishuka hadi mara moja katika nne, wastani unapanda hadi 205,000, na kubadilisha ndiyo nafuu. Mpaka kati ya maamuzi hayo mawili uko karibu na mara moja katika tatu.

Tazama kwamba 90,000 za ununuzi hazikuingia popote. Maji yaliyomwagika hayazoleki. Anayesema "nimeshaiwekea fedha nyingi, siwezi kuiacha" anaongeza hasara juu ya hasara.

Yasiyoonekana katika bei

Mambo mawili huipindua hesabu. La kwanza ni muda: studio yenye kamera moja inapoteza kazi kila siku kamera inapokaa kwa fundi, na mapato hayo yaongezwe kwenye gharama ya matengenezo. La pili ni uhakika: kamera iliyofunguliwa, ikasafishwa na kutiwa mafuta ina hali inayojulikana, lakini iliyonunuliwa gizani inaweza kudai fundi mwezi ujao.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata senti, mwenye kamera apate majibu matatu kutoka kwa fundi: ubovu ni wa mitambo au wa umeme, kipuri kinapatikana au hakipatikani, na akishindwa atadai kiasi gani. Fundi asiyeweza kujibu la tatu asipewe kamera.