Kesho ya Fundi: Maswali na Majibu juu ya Mpango wa Kazi katika Ushonaji

Kwa kuwa mjini Dar es Salaam ni nadra kumpata mtu, awe tajiri au fukara, ambaye hajaambiwa na fundi cherehani "njoo kesho", na kwa kuwa kesho hiyo ina desturi ya kuzaa kesho nyingine, nimeona afadhali kuyakusanya maswali niliyoulizwa mara kwa mara na wenye karakana na wateja wao, toka Tandika hata Mwananyamala, nikayajibu pamoja. Mimi ni mkataji kwa asili. Meza ya kukatia niliisimamia huko Temeke miaka mingi kabla ya kukabidhiwa daftari la oda na dhamana ya kupanga kazi za wengine, na yote nitakayosema hapa nimeyapata baina ya mkasi na daftari hilo.

Shikamoo, mzee. Nina mafundi wanane, wote hodari, lakini kila mwezi oda zangu huchelewa. Je, niwafukuze walegevu, au niongeze vyerehani? (Mwenye karakana, Tandika)

Marahaba, mwanangu. Usimfukuze mtu, wala usinunue chombo, mpaka umekwisha kufanya kazi moja ya asubuhi moja: pita katika karakana yako uhesabu kila shati lililokatwa ambalo bado halijafungashwa, lililo mapajani mwa fundi na lililo chini ya meza, lililo kikapuni na lililosahauliwa juu ya kabati. Tuseme umepata mashati 240, na daftari linaonyesha kuwa yanayotoka mlangoni ni 40 kwa siku. Basi shati litakalokatwa leo litatoka baada ya siku 6, hata mafundi wako wakeshe, ilhali sindano hasa italigusa kwa muda wa nusu saa tu, na muda uliobaki wote ni wa kungoja. Hesabu hii ya kugawa vinavyongoja kwa vinavyotoka waliijua wengi kwa mazoea, lakini aliyeithibitisha kwa hoja za hisabati, mwaka 1961, ni Mmarekani John Little, nayo haijali kama kinachongoja ni shati, mgonjwa au lori lililopanga foleni bandarini Kurasini.

Ukishahesabu, fuata rundo. Katika karakana nyingi za sare nilizozijua halikuwa kwa mshona kola, ijapokuwa kola ndiyo kazi inayotaka ustadi, wala halikuwa kwa mpiga ovaloki. Lilikuwa mbele ya mashine ya kutoboa matundu ya vifungo, ambayo aghalabu ni moja kwa karakana nzima, na hapo ungeona kikapu kimefurika mashati meupe, yamefunikwa khanga kuukuu yasishike vumbi, naye kijana wa mashine amekwenda kunywa chai. Katika hali hiyo, kila fundi anayeongeza kasi huko nyuma anaongeza urefu wa kikapu, si idadi ya mashati yatokayo mlangoni. Mashine hiyo isilale: mwenyewe akienda kula, mwingine ashike nafasi yake, uzi wake uwe tayari kabla wa kwanza haujakwisha, na shati lenye kasoro likamatwe kabla ya kuifikia, maana ni hasara kubwa kulitoboa matundu saba shati litakalofumuliwa. Hatimaye, na hili ndilo gumu, mkataji asikate zaidi ya kadiri mashine ile inavyoweza kumeza kwa siku. Naungama kwamba nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilikasirika, kwa sababu mkataji hupenda kuona mafungu yake yamesimama kama minara, akadhani hiyo ndiyo kazi.

Mimi ni mteja tu. Fundi wangu anajua hawezi kumaliza, mbona anapokea kitambaa changu na pesa yangu? Si uongo huo? (Bibi mmoja, Kinondoni)

Uongo umo, bibi yangu, lakini chanzo chake kimo mfukoni kabla hakijafika ulimini. Ile pesa ya awali uliyomwachia haikununua zipu yako wala bitana yako. Ilinunua zipu ya mwanamke aliyekutangulia, ambaye pesa yake ilikwisha katika kodi ya fremu. Kwa hiyo fundi hawezi kumaliza kazi ya zamani asipopokea kazi mpya, na kila kazi mpya huirefusha foleni iliyomfanya akose pesa tangu mwanzo. Nimewaona watu wema, wacha Mungu, wasiogusa cha mtu, wakizama katika mduara huu mpaka wakawa wanajificha nyuma ya pazia waisikiapo sauti ya mteja mlangoni.

Fundi nampa shauri la vikopo viwili: kimoja cha pato lake, na cha pili cha pesa za wateja ambao nguo zao hazijatoka, akihesabu cha pili kuwa ni amana kwa maana ile ile aliyofunzwa utotoni. Mteja naye, akiweza, amletee fundi kitambaa pamoja na zipu, bitana na vifungo vyake, kisha alipe ujira siku ya kuchukua. Fundi ambaye hana pesa yako hana pia sababu ya kuipokea kazi yako kabla ya wakati wake.

Ukitaka kuona kinyume cha taabu hii, nenda soko la Tandika, utafute fundi wa kupunguza nguo aliyeketi chini ya mwavuli jirani na wauza mitumba. Mteja amenunua suruali iliyomzidi kiuno na urefu. Fundi anaifinya nyuma, anakata pindo, anashona, anakata uzi kwa meno, anapokea ujira wake, na mteja alikuwa amesimama pale pale muda wote. Huyu hana "kesho" katika msamiati wake. Si kwamba ni mwepesi wa mikono kuliko mafundi wa dukani, la. Ila hashiki kazi ya pili kabla ya kuimaliza ya kwanza.

Nasikia wasomi wakisifu mpango wa kazi wa viwanda vya magari vya Japani. Unatuhusu nini sisi wa vyerehani? (Kijana aliyehitimu chuo cha ufundi, Temeke)

Unatuhusu kuliko unavyowahusu wenye magari, maana ulizaliwa katika nguo. Sakichi Toyoda alikuwa mtengenezaji wa mitambo ya kufumia, na mtambo wake wa mwaka 1924 ulikuwa na akili ya ajabu: uzi ukikatika, ulisimama wenyewe, badala ya kuendelea kufuma kitambaa chenye dosari. Mwaka 1929 haki ya kuutengeneza iliuzwa kwa Platt Brothers wa Oldham, Uingereza. Kisha mwanawe, Kiichiro, akageukia magari. Taiichi Ohno, ambaye jina lake hutajwa sana katika mpango huo, naye alianza kazi katika kiwanda cha nguo cha ukoo ule mwaka 1932.

Muradi wa mambo ni ule mtambo uliosimama. Siku moja tulipokea oda ya mashati ya shule moja, ambayo sitaitaja, na nembo, kwa mujibu wa mfano tuliopewa, ilitakiwa kushonwa mfuko wa kushoto. Fundi wa kwanza alishona kulia. Mwenziwe aliona, akanyamaza, kwa kuwa katika karakana yetu aliyesimamisha kazi alionekana mvivu. Na kosa likagunduliwa kwenye pasi, mashati 60 yakiwa tayari. Tulikesha siku mbili tukifumua, na kila mfuko uliofumuliwa uliacha safu ya vitobo juu ya kitambaa cha tetroni ambavyo hakuna pasi iliyoweza kuvifuta. Tangu siku hiyo niliweka sheria kwamba nguo ya kwanza ya kila oda ishonwe yote mpaka kifungo cha mwisho, itundikwe ukutani, na yeyote aonaye tofauti apaze sauti.

Kamati yetu ya harusi ilinunua kitenge cha sare Kariakoo. Watu wakaongezeka, tukarudi kununua kingine cha nakshi ile ile, rangi ikatofautiana. Nani alaumiwe? (Mweka hazina wa kamati, Mwananyamala)

Kamati. Vitenge huchapwa kwa mafungu, na rangi inapochanganywa upya, hata kwa kipimo kile kile, hailandi barabara na ya kwanza. Dukani huioni tofauti, lakini mama wawili wakisimama bega kwa bega mbele ya mpiga picha, inaonekana toka mbali. Hesabuni watu kabla ya kununua, mnunue siku moja, toka mzigo mmoja, mkizidisha akiba kidogo, na akiba ishikwe na mtu asiye na shangazi wengi.

Mkumbuke pia kwamba yadi 6 za kitenge si yadi 6 daima. Nakshi ikiwa na ndege wanaotazama juu, mkataji hawezi kukigeuza kitambaa ili kubana nafasi, la sivyo ndege wa mgongoni watakufa kichwa chini. Khanga ndiyo yenye masharti makali zaidi, kwa kuwa ina pindo kandokando, mji katikati, na jina lake chini ya mji: mkataji mwenye haya hatakata jina katikati ya neno, wala hataliweka mahali ambapo mvaaji akiketi atakuwa amelikalia.

Mwaka jana niliandika mauzo ya kila mwezi, mwaka huu nikayafuata, kanzu zikanibakia na sare zikanipungukia. Kosa langu ni nini? (Mwenye duka na karakana, Mbagala)

Umeandika kwa kalenda moja mambo ya mji unaovaa kwa kalenda mbili. Shule hufunguliwa Januari, na kila mzazi hukumbuka sare Desemba; hilo halihami. Lakini Idi hutangulia kila mwaka kwa siku 10 au 11, kwa hiyo kanzu zilizonunuliwa mwezi wa Aprili mwaka 2024 hazina sababu ya kungojwa Aprili mwaka wa mbele. Daftari lako liwe na safu mbili, moja ya miezi ya kawaida na moja ya miezi ya Hijria, na kanzu, madera na baibui uzisome katika safu ya pili. Tena tazama mbali: kwa hesabu ya mwezi mwandamo, Idi el-Fitri itashuka mpaka mwishoni mwa Januari mwaka 2031, kama ilivyopata kushuka Januari 2000, na hapo mzazi mmoja atahitaji sare na nguo za Idi ndani ya mwezi mmoja, toka mfuko mmoja, kwa fundi mmoja. Wenye karakana wasioanza kujiandaa mapema watajificha nyuma ya pazia kwa makundi.

Kujiandaa maana yake si kushona kila kitu mapema. Shati jeupe na sketi ya buluu ya shule ya msingi havipitwi na wakati. Vishone Agosti, sindano zikiwa zimelala, ila pindo la sketi liache bila kushonwa mpaka mtoto aje apimwe, kwani watoto hawakui kwa mujibu wa daftari. Mshono wa gauni, kinyume chake, hupita upesi kama wimbo wa mjini, kwa hiyo kitenge kaa nacho kikiwa jora. Kitambaa kizima chaweza kuwa gauni, shati au mto wa kiti. Kikishakatwa kimekwisha kuamuliwa. Benetton wa Italia walipata sifa kwa kufuma sweta zisizotiwa rangi, wakazitia rangi baadaye walipojua wateja wanapenda ipi, na sijui kwa nini hekima hiyo ionekane ngeni kwetu tulioachia pindo siku zote.

Umeme ukikatika nifanye nini? (Fundi, Mtoni)

Ovaloki na pasi zipewe kazi zao zote umeme ungalipo. Cherehani cha Butterfly cha kukanyaga kwa miguu kisiuzwe.

Mitumba na nguo za Uchina zinatumaliza. Viwanda vyetu vya nguo vikifufuliwa, si taabu hizi zitakwisha? (Fundi mkongwe, Ubungo)

Ndugu yangu, unakaa karibu na Urafiki, kiwanda kilichojengwa kwa msaada wa Uchina kikafunguliwa mwaka 1968. Kwa hiyo huzuni yako naielewa. Pamba ya Simiyu na Shinyanga, nyingi katika hiyo, huuzwa nje ikiwa imetolewa mbegu tu, na sisi hununua vitenge vinavyoshuka bandarini; kufupisha safari hiyo ni jambo jema. Hata hivyo sitakudanganya kwamba amri itamwokoa fundi. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuondoa nafuu za biashara za mpango wa AGOA. Wengine wakalegeza, Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo. Marobota yangali yakifunguliwa.

Kwa bei hutaishinda mitumba. Lakini mitumba haikupimwa kwenye mwili wa mtu yeyote wa Ubungo, na hapo ndipo penye riziki yako, kwa sharti moja: aliyekuja kupimwa asingoje mpaka tamaa imtoke. Zara wa Hispania, ambao ni matajiri kupita kiasi, hushona sehemu kubwa ya nguo zao karibu na makao yao ya Arteixo au katika nchi za jirani, ijapokuwa ujira wa huko ni mkubwa kuliko wa Asia ya mbali, na hushona kwa mafungu madogo madogo, ili kinachopendwa kirudiwe upesi na kisichopendwa kiachwe kabla hakijajaza ghala. Wao hutumia ndege na mashine za hesabu ili wawe karibu na mteja. Wewe mteja wako anapita mlangoni pako akienda kununua mchicha.

Fundi ameniahidi gauni langu Ijumaa. Nije Ijumaa kweli? (Binti, Magomeni)

Mwulize, kwa adabu, ni nguo ngapi zilizo mbele ya yako. Akifungua daftari akahesabu kwa kidole, njoo Ijumaa. Akitazama dari, mwombe kitambaa chako kingali kizima.