Mtoto Aliye Tumboni Anapohitaji Upasuaji

Mama ametoka kliniki na picha ya skani. Daktari amesema mtoto ana mgongo wazi, yaani uti wa mgongo haukufunikwa sawasawa. Baba anauliza, "Kosa ni la nani?" Wapendwa, swali hilo liacheni mlangoni. Hali hiyo huanza katika mwezi wa kwanza wa mimba, mara nyingi mama akiwa hajajua kuwa ni mjamzito. Ulizaneni tufanye nini.

Kasoro hii yaweza kuzibwa mtoto akiwa bado tumboni. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 uliwalinganisha watoto waliopasuliwa kabla ya wiki ya 26 ya mimba na waliopasuliwa baada ya kuzaliwa. Walipofikia miezi 12, waliohitaji mrija wa kuondoa maji kichwani walikuwa 40 katika kila 100. Katika kundi la pili, 82. Wakiwa na miezi 30, waliotembea bila msaada walikuwa 42 katika 100 dhidi ya 21. Faida ni kubwa, ila hesabu hizo hizo zaonyesha kwamba wengi bado hawakutembea peke yao.

Tena kisu hakimfikii mtoto bila kumpitia mama. Katika utafiti ule tumbo la uzazi lilifunguliwa, na wengi walijifungua kabla ya wakati. Mama aliyepasuliwa hivyo hushauriwa kuzaa kwa upasuaji kila mara afterwards mimba nyingine ikija. Basi baba asimjibu daktari "tumekubali" kabla mkewe hajasema. Wala mama mkwe asimjibie.

Kanisa, katika hati Donum Vitae ya mwaka 1987, lilikubali tiba ya mtoto aliye tumboni, mradi uhai wake uheshimiwe, hatari isizidi kiasi, na wazazi wakubali kwa hiari baada ya kuelezwa. Halikuwalazimisha. Wanaoamua kungoja, labda kwa ajili ya afya ya mama au gharama ya safari ya mbali, hawajamkataa mtoto wao. Hapa Kenya, watoto wengi wenye mgongo wazi wamepasuliwa Kijabe baada ya kuzaliwa.

Rudini kwa daktari mkiwa wawili. Mwulizeni kidonda kiko sehemu gani ya mgongo, na kama miguu inacheza. Mkiamua kungoja, mwulizeni pia mama ajifungulie wapi ili mtoto apasuliwe katika siku zake za kwanza.