Magoti ya Mama Yasiachiwe Uzee

*Shangazi, naishi Tanga na mama yangu, ana miaka 74. Magoti yanamsumbua, kwa hiyo tangu mwaka jana tumemkataza kupika, kufagia na kwenda sokoni asije akaanguka. Sasa hata kuinuka kitini ni mpaka ashikwe mkono. Kaka anasema ni uzee tu, tumwache apumzike. Bibi alifariki ana miaka 58, anatembea vizuri. Ina maana siku hizi watu wanaongezewa miaka ili waimalizie kitandani?*

Mwanangu, pole kwa kuuguza.

Swali lako wataalamu wamelibishania miaka mingi. Mwaka 1980 daktari wa Marekani, James Fries, alisema ulemavu wa uzeeni unaweza kusogezwa mbele hadi ubaki muda mfupi tu kabla ya kifo. Wengine walihofia dawa zingechelewesha kifo bila kuponya. Kila upande umepata haki yake. Mwaka 1982, katika kila Wamarekani 100 wa miaka 65 na zaidi, kama 26 walikuwa na ulemavu wa kudumu. Kufikia 1999 walikuwa kama 20. Lakini duniani kwa jumla, kati ya 2000 na 2019, umri wa kuishi ulipanda kutoka karibu miaka 67 hadi zaidi ya 73, na miaka ya afya njema kutoka 58 na kidogo hadi chini ya 64, yaani haikupanda kwa kasi ile ile. Wanawake huishi zaidi ya wanaume, na pia ndio wanaokaa muda mrefu zaidi wakihitaji kusaidiwa.

Mimi naishika ile 26 iliyoshuka hadi 20. Wale nao walikuwa wazee, na bado wengi zaidi waliendelea kujiogesha na kutembea wenyewe. Kwa hiyo sikubali neno la kaka yako.

Kilichomkalisha mama zaidi ni hilo katazo, ingawa mlilitoa kwa mapenzi. Misuli ya mapaja isipotumika hunyauka, goti hukosa cha kulishikilia, maumivu huzidi, naye huzidi kukaa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014 ulifuatilia wazee wa miaka 70 hadi 89: waliofanyishwa mazoezi ya kutembea na ya nguvu za miguu walidumu na uwezo wa kutembea kuliko waliopewa elimu ya afya peke yake.

Anzeni hospitali, dirisha la wazee. Apimwe presha, sukari na macho, maana mtoto wa jicho huwaangusha wengi. Kama ananunua dawa ya maumivu ya diklofenaki dukani kila mara, mwambie daktari, kwa sababu inaweza kuumiza figo na kupandisha presha. Ulizia pia mazoezi tiba.

Nyumbani, egemeza kiti kigumu ukutani. Aketi, ajiinue polepole akijisukuma kwa mikono, akae tena. Mara 5, apumzike, arudie. Simama karibu naye, ila usimvute. Akitumia fimbo, mpini ufike usawa wa kifundo cha mkono akiwa amesimama wima, na aishike upande wa goti lenye nafuu. Watu wengi huishika upande unaouma, na haiwasaidii.

Mrudishie kazi zake pia. Achambue mchele na kumenya vitunguu akiwa mezani, na asubuhi kabla ya jua kali mtembee wote hadi duka la jirani. Goti kuuma kidogo akitembea kusiwatishe. Likivimba na kuwa la moto, au mguu ukiishiwa nguvu ghafla, mwahisheni hospitali siku hiyo hiyo.

Kaka yako naye ana kazi: choo. Usiku pia wazee huanguka, wakipapasa gizani kwenye sakafu yenye maji. Alete fundi afunge bomba la kushikia ukutani, aweke taa, na ndala zilizolika soli azitupe. Kama choo chenu ni cha kuchuchumaa, seremala yeyote wa mtaani anaweza kuchonga kiti imara chenye tundu. Mwambie aanze wiki hii, na kabla fundi hajatoboa ukuta, mama aingie mwenyewe aonyeshe mkono wake unafika wapi.