Somo la Wiki: Bia ni Ile Ile, Mteja Anahama kwa Nini?

Masaki tunayoitazama wiki hii siyo ile ya Dar es Salaam yenye balozi na mahoteli. Ni kata ya Masaki, Wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani, nchi ya mikorosho, minazi na mihogo. Msomaji mwenye mtaji mdogo anayefikiria kufungua grosari mara nyingi hutupia jicho sehemu za namna hii, kwa kuwa pango lake ni nafuu kuliko mjini. Kabla hujalipa kodi ya miezi sita, jiulize utakuwa unauza nini hasa.

Jibu la haraka ni bia. Lakini bia haikutengenezwa na wewe. Imetoka kiwandani ikiwa imefungwa kizibo, na jirani yako anayo hiyo hiyo kwa bei hiyo hiyo. Ukipandisha bei mteja atajua siku ile ile. Ukishusha utakula mtaji. Kwa hiyo kinachobaki cha kushindania ni mteja anavyopokelewa, anachokula, na hesabu anayoletewa mwishoni.

Zamani haikuwa hivyo. Katika miaka ya 1980 bia ilikuwa adimu nchini, na aliyekuwa na kreti alikuwa mfalme. Mnywaji alibembeleza. Hali ilibadilika baada ya Serikali kuingia ubia na South African Breweries katika Kampuni ya Bia Tanzania (TBL) mwaka 1993. Ushindani nao uliongezeka, hasa EABL ya Kenya ilipochukua asilimia 51 ya Serengeti Breweries mwaka 2010. Bia imejaa, ila wenye baa wengi bado wanaendesha kaunta kana kwamba mteja hana pa kwenda.

Sasa tupige hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu, weka za kwako. Tuseme faida kwa chupa ni sh. 400. Mteja wa kawaida anakuja mara mbili kwa wiki, kila mara chupa tatu. Hizo ni chupa sita, yaani sh. 2,400 kwa wiki, na kwa wiki 52 ni sh. 124,800. Siku moja mhudumu anamwongezea chupa mbili hewa kwenye bili. Mteja analipa kimya, hagombani, na harudi. Fedha ya chupa hizo imeingia mfukoni mwa mhudumu. Wewe umepoteza faida ya mwaka mzima na hata taarifa hujapata. Na mara nyingi mteja wa kijijini hahami peke yake, anaondoka na wenzake wa meza moja.

Ndiyo maana wanywaji wetu wana desturi ya kukataa chupa tupu zisiondolewe mezani. Wenye baa wengine huona ni uchafu. Sisi tunaona ni ukaguzi wa hesabu usiolipiwa: chupa zipo, mteja anahesabu, mhudumu anahesabu, ugomvi unakwisha. Chanzo cha bili hewa kitafute kwanza kwenye utaratibu wako mwenyewe. Baa nyingi humkabidhi mhudumu bia kwa hesabu yake na kumdai jioni, kikivunjika au mteja akitoroka analipa yeye, na mshahara ni mdogo. Mtu huyo umemfundisha kufidia kwa mteja.

Swali la “ya baridi au ya moto?” nalo ni mali. Wapo wanaotaka ya moto kabisa, na hao hawakupi shida. Anayetaka baridi akiletewa vuguvugu kwa kuwa umeme ulikatika, mwambie ukweli kabla hujafungua kizibo. Ukishafungua, umemlazimisha.

Tuje jikoni, maana huko ndiko wengi wanapopoteza bila kujua. Mwenye grosari humpangisha mchoma nyama jiko, akapokea kodi na kusahau. Lakini mteja hatofautishi. Nyama ikiwa ngumu kama kiatu, kachumbari ya jana, ndizi zimeungua, atasema “pale kwa fulani chakula kibaya”, na huyo fulani ni wewe. Lalamiko kubwa ni uzito: ameagiza kilo, sahani inakuja na kitu kidogo. Ni kweli nyama hupungua motoni, lakini hilo linaeleweka tu kama imepimwa mbele yake ikiwa mbichi, kwenye mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo. Acha mteja achague kipande mwenyewe. Mchoma nyama asiyekubali hilo usimpe jiko, hata akikuongezea kodi.

Usidharau pia kilabu cha mnazi kilicho jirani. Tembo la asubuhi ni tamu, la jioni limekuwa kali, na wanywaji wanajua saa ya kila moja. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wateja wa kilabu humgundua siku hiyo hiyo na kumwambia usoni. Mteja wa bia ni mpole zaidi, na upole huo ndio unaokudanganya kwamba mambo yako ni mazuri.

Choo: kiwe na maji na mlango unaofungwa. Hapo hatuna la kuongeza.

Kwa wenye hisa, TBL imeorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu 1998. Mwanahisa hupata taarifa za fedha kila zinapotoka, lakini akikaa saa mbili kwenye grosari ataona ni chapa gani inaombwa kwa jina, na ipi inanywewa kwa kuwa nyingine imekwisha.

Jambo la mwisho ni daftari la madeni. Fedha ya Masaki hufuata msimu wa korosho, ambao mauzo yake huanza Oktoba hivi. Kabla ya hapo wateja wanaomba wakopeshwe, na kukataa wote ni vigumu. Tatizo haliko kwenye deni kutolipwa peke yake. Mwenye deni kubwa huona haya kupita mlangoni kwako. Siku akipata fedha taslimu anakwenda kunywa kwa jirani. Mwekee kila mmoja kikomo, tuseme faida ya wiki mbili tu, na mwambie kikomo hicho siku ya kwanza, akiwa bado hajanywa.