Mama mkwe asema sindano itanifunga uzazi

Shangazi, nina miaka 29 na ni mhudumu katika hoteli ya nyama choma hapa Kamakis. Mwezi jana nilitolewa kijiti kwa kuwa tunataka mtoto. Muuguzi akanishauri nichanjwe rubela kwanza. Mama mkwe aliposikia alikuja juu, eti sindano hizo ndizo zilizofunga wanawake uzazi mwaka wa 2014. Mume wangu ananyamaza tu. Nifanyeje?

Mwanangu, mama mkwe hakujitungia hayo. Mwaka huo maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini Kenya walitangaza kuwa chanjo ya pepopunda, iliyokuwa ikipewa wanawake wa miaka 14 hadi 49, imetiwa homoni ya kuzuia mimba. Serikali ilikanusha, na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF wakasema ni salama. Lakini neno lililotoka madhabahuni halifutwi na taarifa ya wizara. Usibishane naye. Muulize kwa upole kama hakudungwa hiyo hiyo pepopunda kliniki alipokuwa amembeba mumeo tumboni. Wajawazito wamedungwa miaka na mikaka, na wanazaa.

Rubela ni sindano nyingine kabisa. Kenya iliianza mwaka wa 2016 kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14, nawe ulikuwa umeshapita umri huo. Mtu mzima akiugua hupata homa ndogo na vipele, pengine asijue, akaendelea kupeleka sahani mezani. Kumbe akiwa na mimba changa, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi, ana mtoto wa jicho au kasoro ya moyo.

Sasa sikiliza hapa. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hivyo mjamzito hapewi. Na kijiti kikishatoka, mimba haingoji! Pima mkojo kwanza. Ukiwa huna kitu, dungwa, kisha mtumie kondomu mwezi mzima. Ukiwa na mimba tayari, sindano hiyo iache hadi ujifungue. Pepopunda utaipata kliniki kama kawaida. Vituo vya umma huitenga rubela kwa watoto, basi huenda ukailipia hospitali ya kibinafsi. Uliza bei kabla ya kuomba ruhusa kazini.

Kuhusu huyo bwana anayenyamaza, aliyekasirika ni mamake. Ampigie simu yeye. Na kondomu za mwezi huo azinunue yeye pia.