SOMO: KUTAFUTA NYUMBA KWA SIMU

Zamani mtu wa Butiama akitaka kununua nyumba Musoma mjini alipanda gari, akatafuta dalali, wakazunguka pamoja juani. Siku hizi unaweza kuanza kutafuta kwa simu ya kupangusa, umekaa barazani kwako.

Fungua intaneti. Mahali pa kutafutia andika maneno machache: nyumba inauzwa Bweri Musoma. Ukiandika "nyumba" peke yake, utaletewa za Dar es Salaam na Arusha. Jina la mji usiliache. Nyakato iko Musoma, na Nyakato nyingine iko Mwanza! Matangazo yako pia Facebook na Jiji, na madalali wa Musoma na Bunda hutuma picha kwa WhatsApp.

Soma tangazo lote polepole. Limetaja mtaa? Vyumba ni vingapi? Kiwanja kimepimwa? Andika majibu daftarini, ulinganishe nyumba tatu au nne. Hapo utaijua bei ya mahali pale. Ukiona nyumba moja inauzwa nusu ya bei ya zile nyingine, jiulize kwa nini.

Lakini simu inaonyesha nyumba tu, haionyeshi mwenye nyumba. Mtu yeyote anaweza kusimama barabarani akapiga picha nyumba isiyo yake. Basi akikuambia, "Tuma pesa kidogo nikushikie, wateja ni wengi," usitume hata shilingi. Umeuza ng'ombe wako, pesa imeingia kwenye simu ya mtu usiyemjua, utampata wapi?

Nenda mwenyewe. Ingia vyumbani, ongea na majirani, kisha mwone mwenyekiti wa mtaa. Nyumba ikiwa na hati, chukua namba ya hati hiyo uende ofisi ya ardhi. Omba waangalie jina la nani limeandikwa, na kama hati imewekwa rehani benki. Ikiwa nyumba iko kijijini, anza na halmashauri ya kijiji.

Kuna jambo wanunuzi wengi hulisahau. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema nyumba ya familia haiuzwi na mume peke yake, wala na mke peke yake, bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo muulize na mama wa nyumba ile. Akisema hana habari ya kuuza, rudi nyumbani na pesa yako.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Kwa nini tunaandika jina la mtaa pamoja na la mji?
2. Dalali anataka pesa kabla hujaiona nyumba. Utamjibu nini?
3. Kijijini kwenu, nani anajua mipaka ya viwanja?